Tuliponea Chupuchupu

Tarehe 2 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na mashine yako ya kusaga isiwe imekata mkanda tena. Huku sisi tupo. Mume wangu anakusalimu sana, bado anapaka rangi lile jengo la ghorofa, kila siku anarudi na kichwa cha rangi mpya. Juzi kijani, jana maziwa, leo sijui. Kwa dobi nimepumzika, pasi nimemwachia mwenzangu mmoja anayeunguza kola za watu, mwenye duka anasema nirudi haraka kabla hawajafunga.

Naandika kwa sababu mimi na wewe kwenye simu ni vita. Mara ya mwisho nilisema "nina mimba" ukaniuliza "simba wa wapi?" na benchi zima la wateja wako likacheka. Basi kalamu ni afadhali. Atakuletea yule dereva wa lori la nafaka, ameniahidi.

Sasa habari yenyewe. Nimejifungua. Ni mtoto wa kiume. Amekuja mapema kidogo. Tuko hospitalini kidogo, wanamwangalia kidogo. Ni mdogo kidogo lakini ana kucha zote. Usiwe na wasiwasi.

Shangazi, nina ombi. Unazikumbuka zile hadithi zako za watu waliopona? Mchimba kisima, yule mama aliyeelea juu ya mlango wakati wa mafuriko, yule mtoto aliyepotea msituni akafuata kengele za mbuzi. Wenzangu walikuwa wanataka za sungura, mimi nasema "Shangazi, nipe ya mtu aliyepona." Mpaka leo nikifungiwa kitu dukani na kipande cha gazeti, nikiona neno "manusura" lazima nikinyooshe nisome mpaka palipochanika. Naomba uniandikie ya kisima, kwa maneno yako yale yale. Katikati imenipotea.

Na siku moja utaniambia kwa nini uliniita jina hili. Kila nikikuuliza unajifanya husikii, na siku hizo ulikuwa unasikia vizuri tu.

Mwanao,
Chupuchupu


Tarehe 19 Machi

Mwanangu Chupuchupu,

Marahaba. Barua imefika na alama ya kiatu cha dereva. Mimi mzima. Sikio la kushoto limekufa kabisa na wala sina shida nalo, mteja akileta ubishi wa foleni namgeuzia upande huo. Mkanda ulikatika tena, tumeufunga kwa raba ya tairi. Ukiona unga kwenye karatasi hii upulize, naandikia juu ya gunia.

Hongera, mama. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikatafuta pa kukaa nikaisoma tena. Neno "kidogo" limejaa humo kama pumba. Mimi kuchekecha ndiyo kazi yangu, usinifiche. Anapumua mwenyewe? Ananyonya? Miguu ina joto? Nijibu hayo matatu. Kucha tutaziongelea baadaye.

Haya, kisima.

Mchimba kisima alikuwa chini kabisa, ameshayaona maji, udongo ukaporomoka. Watu wa juu wakasema basi tena, wakaanza kupanga maneno ya kumwambia mke wake. Mke akafika mwenyewe. Akawaambia, nyamazeni. Akalala kifudifudi, akaweka sikio kwenye udongo. Kule chini akagonga ndoo. Ko. Ko. Ko. Mke akasema, anayegonga hajafa, chimbeni! Wakachimba kwa mabeleshi, kwa sufuria, kwa vidole. Alipotoka alikuwa mwekundu kwa udongo kama tofali, huoni jicho wala mdomo, na neno lake la kwanza likawa: "Ndoo yangu iko wapi?" Watu wakacheka huku wanalia. Akaishi mpaka akaota mvi za nyusi. Ila tangu siku ile ukimpa chai alikuwa anaomba vikombe viwili.

Msimulie mwanao. Ukifika kwenye ko ko ko mgonge mgongoni kwa kidole, taratibu. Mimi nilikuwa nakufanyia hivyo.

Shangazi yako,
wa mashineni


Tarehe 6 Aprili

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo tena. Unga nimeupulizia kwenye shuka la hospitali, nesi akaniuliza nimekula nini kitandani. Sote hatujambo. Mume wangu anafika kila jioni, na kila jioni wanamrudisha bombani akasugue kucha, rangi haitoki. Wanamwambia, "Baba, hapa hatupaki ukuta."

Umenichekecha, basi pokea. Kupumua, anapumua mwenyewe sasa. Mwanzoni alikuwa anasaidiwa na mashine. Kunyonya, bado, maziwa yanapita kwenye mpira mwembamba wa puani. Miguu inapoa nikimtoa tu kifuani, kwa hiyo simtoi. Tuko wengi humu, kila mama na wake amefungwa kifuani ngozi kwa ngozi, tunatembea kama watu walioiba kitu. Huku wanawaita njiti. Mara ya kwanza niliposikia "njiti wako" nilijisikia vibaya, nikamwambia baba yake. Akafikiri, akasema, "Njiti moja si inawasha jiko zima?" Sasa ndilo jina lake, hata daktari anamwita Njiti.

Lakini sikukwambia hili. Anasahau kupumua. Kweli, anasahau! Yuko hapa kifuani, ghafla kimya, midomo inageuka rangi. Nesi anasema njiti wote husahau, unawakumbusha kwa kuwagusa mgongoni. Siku barua yako ilipofika nilikuwa namsimulia kisima. Nikafika ko ko ko, nikamgonga kwa kidole kama ulivyosema, nesi akasimama akanitazama. "Nani amekufundisha hivyo?" Nikasema shangazi yangu. "Ni mkunga?" Nikasema hapana, anasaga unga.

Wewe ulijuaje, shangazi?

Kitanda cha pili kutoka changu yuko fundi cherehani, naye ana njiti wake, wa kike. Ni mcheshi kupita kiasi. Ananiita Redio, anasema, "Redio, washa, wanetu wamechoka kusikiliza kikohozi." Ameomba sindano na uzi kutoka dukani kwake, anashonea palepale kitandani kwa mkono kofia ya mwanawe, kitambaa cha mabaki ya mashati, mistari ya buluu. Nilipomaliza hadithi yako wote wakapiga makofi polepole wasiwaamshe watoto, ila yeye akauliza, "Kile kikombe cha pili cha nani?"

Nikarudi kwenye karatasi yako. Shangazi, mbele ya neno "akagonga" uliandika herufi W, halafu ukaikata kwa mistari mitatu. Wakagonga. Walikuwa wawili?

Mwanao,
Chupuchupu, mama Njiti


Tarehe 24 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mashine nzima. Mvua imetunyeshea, magunia tumeyapandisha juu ya mbao.

Njiti ni jina zuri. Mwambie baba yake asugue kucha kwa mafuta ya taa kidogo kabla hajaja, halafu sabuni nyingi.

Kalamu iliteleza. Na yule mzee alikuwa anapenda chai.

Wewe kula. Maziwa yanatoka kwenye sahani, hayatoki kwenye mawazo. Kula hata kama hutaki, kula kwa hasira. Nimempa dereva soksi za sufu, ni za mtoto mkubwa lakini zivute mpaka magotini.

Ile ya mlango wa mafuriko nitakuandikia mkono ukipata nafasi.

Shangazi


Tarehe 10 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sisi tupo. Njiti ameanza kunyonya, analala katikati ya kazi kama kibarua mvivu, lakini anaanza tena. Kusahau kupumua sijamwona wiki hii. Mizani ikipanda wodi nzima inashangilia. Soksi zimefika mpaka kiunoni mwake, hazikuishia magotini. Asante sana, asante shangazi. Kila asubuhi nikifumbua macho nautafuta kwanza mgongo wake kama unapanda na kushuka, ukipanda nasema asante, ukishuka nasema asante, basi siku nzima inakuwa hivyo.

Sasa sijui niandikeje.

Mtoto wa fundi amefariki. Alikuwa anaendelea vizuri, alikuwa mkubwa kuliko wangu. Asubuhi niliporudi kutoka kuoga kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Fundi alirudi baada ya siku kadhaa, kwa miguu yake, amevaa vizuri. Tulidhani amefuata vitu vyake. Akaja moja kwa moja kwangu akaweka juu ya godoro ile kofia ya mistari. Alikuwa ameimaliza. Akasema, "Redio, mvishe wako, ni ya kichwa kidogo." Mimi nikasema asante. Hilo tu, asante, kama mtu aliyepewa chenji. Sikumwambia karibu ukae. Wengine waliangalia ukutani. Alipotoka mmoja akaninong'oneza, "Usithubutu kumvisha hiyo." Na mimi, shangazi, nikaisukuma chini kabisa ya mfuko, chini ya nepi.

Iko humo mpaka leo. Siitupi na simvishi. Ninaogopa kofia.

Nataka uniambie kitu. Katika hadithi zako wote wanapona. Nilizipenda kwa sababu hiyo, nilikuwa nalala vizuri. Lakini humu ndani si wote. Wasiopona uliwaficha wapi? Mtu anamwambia fundi nini? Nikikutana naye barabarani nikiwa na wangu mgongoni, macho yangu nayaweka wapi?

Usinijibu kwamba kalamu iliteleza.

Mwanao


Tarehe 12 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hujajibu. Dereva anaapa barua alikukabidhi mkononi, anasema uliisoma ukazima mashine watu wakiwa kwenye foleni, ukaingia ndani.

Kama nimekukosea adabu nisamehe. Ila nikupe furaha kwanza: tumeruhusiwa! Tuko nyumbani. Daktari alisema, "Nendeni, huyu ameshajua kazi." Mume wangu amepaka chumba rangi ya manjano, ukuta mmoja tu, rangi iliisha. Njiti anautazama ukuta ule kuliko anavyonitazama mimi. Analia kwa sauti ya mtu mzima, jirani amekuja kulalamika, mume wangu akamshukuru. Jirani akaondoka anashangaa.

Naamini uko mzima. Niandikie hata mstari.

Chupuchupu wako


Tarehe 28 Juni

Mwanangu Chupuchupu,

Marahaba, marahaba mara nyingi. Hukunikosea. Nilikuwa nasubiri neno moja tu, kwamba mmetoka hospitali. Barua yenye msiba sikutaka iingie chumba cha njiti. Sasa yuko mbele ya ukuta wa manjano, kwa hiyo kaa chini, mpe baba yake ambebe, usome.

Kisimani walikuwa wawili. Ndugu wawili. Wote waligonga, ko ko ko, kila mmoja na upande wake. Watu walipofika chini mmoja alikuwa ameshanyamaza. Ndiyo hiyo W. Nilipokuwa nakusimulia ulikuwa mtoto, nikifika hapo unashika mkono wangu, basi nikamtoa yule wa pili kwenye hadithi. Lakini mwenyewe mchimba kisima hakumtoa. Kikombe kilikuwa cha ndugu yake. Alikiweka pembeni kikapoa, akinywa chake, akizungumza na kucheka kama watu wote. Nilimuuliza siku moja, mzee, huchoki? Akasema, "Nichoke nini? Nakunywa chai na mdogo wangu."

Sasa ya kwako.

Kabla yako nilizaa. Alikuwa wa kike, alitimiza miezi yote, mnene. Hakuishi. Nilirudi nyumbani nikalala nikageukia ukuta. Sikutaka kula, sikutaka mtu. Maziwa yalikuwa yanamwagika bure, nguo inaloa, na mimi naiacha iloe. Nilikuwa nimeamua jambo ambalo sitaliandika hapa.

Wakati huohuo marehemu mama yako akajifungua wewe, kabla ya wakati, na homa ikampanda asijue hata yuko wapi. Baba yako akaja mpaka mlangoni kwangu na sweta imeviringishwa. Kaka yangu hakujua kuomba, unamkumbuka. Nikamwambia, "Toka." Akasema, "Natoka." Akaiweka ile sweta kitandani nyuma ya mgongo wangu, akatoka kweli, akafunga mlango!

Nikalala hivyohivyo. Nikasema nikigeuka nimekwisha. Halafu sweta ikanyamaza. Nilikuwa naisikia inapumua kama paka, ghafla kimya. Nikageuka kwa hasira, Chupuchupu, si kwa huruma. Nikakupiga mgongoni kwa kidole. Ukavuta pumzi. Ukasahau tena, nikakukumbusha tena. Basi tukashinda hivyo, na kesho yake hivyo. Hakukuwa na chumba cha joto wala mpira wa puani, kulikuwa na kifua changu. Maziwa yasingetoka bila kula, nikaanza kula. Nilikula nikilia, nikakuvisha nguo za mwanangu maana zilikuwepo. Zilikupwaya mpaka ukapotea humo, nilikuwa nakutafuta kama mtu anatafuta ufunguo mfukoni. Sikuogopa zile nguo. Niliona tu kwamba ni za joto.

Mama yako alipopata nafuu nikakurudisha kwake, akanishika mikono yote miwili. Hatukuwahi kuliongea tena. Hakukuwa na la kuongeza.

Majirani walikuwa wakikuona wanasema, "Huyu kaponea chupuchupu." Mimi nasema ndiyo, ndiyo. Ila moyoni nilikuwa najua wanayemtaja hayuko peke yake. Jina ni langu pia, nilikupa wewe ulibebe kwa sababu wewe unapendeza nalo. Hukuponea chupuchupu. Tuliponea chupuchupu.

Umeniuliza wasiopona nimewaficha wapi. Sikuwaficha. Nilikuwa nawasimulia kwa kukusimulia wewe.

Na macho uyaweke usoni kwake. Muulize jina la mtoto. Mimi hakuna aliyeniuliza, na nilikuwa nalo tayari.

Shangazi yako


Tarehe 20 Julai

Shangazi yangu, mama yangu,

Shikamoo. Sote wazima, Njiti mzima, ukuta mzima. Nimerudi kwa dobi nusu siku, kola zimepona. Barua yako niliisoma kama ulivyoagiza, nimekaa. Mume wangu akaniuliza, "Nini?" Nikampa asome. Akasoma, akampokea Njiti, akaenda naye nje akakaa naye huko muda mrefu, aliporudi alisema tu, "Mwambie shangazi nitampakia rangi kile chumba cha mashine. Chagua rangi."

Nikaitoa kofia. Nikaipiga pasi vizuri, nikamfunga Njiti mgongoni, nikaenda dukani kwa fundi.

Ni chumba kimoja kirefu, nguo zimening'inia mpaka mlangoni, inabidi uinamishe kichwa. Alikuwa anashona suruali. Aliponiona mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani. Macho yangu yalitaka kukimbilia kwenye suruali, nikayarudisha. Nikasema, "Fundi, nilikupokea vibaya siku ile. Mwanao alikuwa anaitwa nani?"

Akaiweka suruali chini. Halafu akalitaja. Sikuandikii hapa, ni lake, lakini ni jina zuri, fupi, nikalirudia kwa sauti ili alisikie kwenye mdomo wa mtu mwingine. Akasema, "Lirudie." Nikalirudia.

Nikamshusha Njiti, nikatoa kofia nikamvisha palepale mbele yake. Yaani tangu Mei mpaka leo, shangazi, na mimi nimeifungia mfukoni! Ilikaa juu ya kichwa kama kifuniko cha chupa. Nikaivuta huku, ikaruka. Nikaivuta kule, ikaruka tena ikaanguka kwenye vipande vya vitambaa. Nikaona aibu, nikaanza kusema samahani.

"Imembana," fundi akasema.

Halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, machozi yanatoka, sijui yapi ni ya nini, na mimi nikaanza, na Njiti akatutazama kama wazee wawili waliolewa. "Imembana! Redio, unamlisha nini huyu? Mlete hapa." Akatoa futi yake shingoni akampima kichwa, akafumua mshono wote kwa wembe. Akafungua droo ya chini, akatoa kipande kilichobaki cha kitambaa kilekile cha mistari. Alikuwa amekitunza. Akakipitishia kidole, akakikata, akaunga katikati. Njiti alilala kwa mlio wa cherehani, nadhani amekumbuka mashine yako ambayo hajawahi kuisikia.

Alipokuwa anamvisha akaniuliza, "Na kile kikombe cha pili, uliwahi kujua ni cha nani?" Nikamweleza. Nikamweleza W, nikamweleza na sweta iliyonyamaza. Alikuwa anasikiliza huku mkono uko mgongoni kwa Njiti, na kidole kinagonga chenyewe, hata hakuwa na habari.

Muuza chai akapita mlangoni na birika. Nikaagiza vitatu. Akatuhesabu, akauliza, "Cha tatu cha nani? Huyu mwenye kofia?"

Nikasema, "Wewe mimina tu."

Fundi akakipokea mwenyewe. Akasogeza mkasi, akakiweka pembeni ya cherehani, mahali ambapo hakitamwagika, tukanywa vyetu, tukaongea habari za wateja wasiolipa na wanaume wasiojua kutundika shati. Tulicheka sana. Wakati naondoka kilikuwa kimeshapoa, bado kimejaa, na yeye ameendelea kushona.

Asante kwa kugeuka, shangazi. Ulisema ni kwa hasira. Asante kwa hasira hiyo.

Chupuchupu mwenzako